Kitunguu saumu: Kwa nini hakigawanyiki punje?

Umemwagilia kwa miezi minne, majani yamestawi, lakini siku ya kuvuna unakuta kitunguu cha mviringo kisicho na punje. Mnunuzi anakikataa. Mara nyingi kosa hilo lilifanyika siku ya kupanda.

Kitunguu saumu huhitaji wiki kadhaa za baridi kikiwa kichanga ndipo kigawanyike. Ndiyo maana wakulima wa Ulaya wanaopanda mwishoni mwa majira ya baridi huharakisha kabla joto halijarudi. Kwetu, nyanda za juu kama Mbulu, mkoani Manyara, hupata baridi mwezi Juni na Julai. Panda mapema, ili baridi hiyo iukute mmea umeshaota. Kwa walio pwani na kwenye mabonde ya joto, tunashauri zao jingine.

Jambo la pili ni mbegu. Tunapanda punje zenyewe, hivyo ugonjwa wa shamba la jirani unaweza kuingia kwako ndani ya gunia la mbegu. Unaohofiwa zaidi ni uozo mweupe: majani hugeuka njano, na kwenye mizizi huonekana ukungu mweupe wenye vidoadoa vyeusi. Vimelea vyake vinaweza kukaa ardhini hata miaka 20. Nunua mbegu kwa mkulima ambaye shamba lake umeliona, na safisha jembe la kuazima kabla ya kulitumia.

Wakati wa kupanda:

- Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri.
- Chagua punje kubwa. Zitenganishe siku ya kupanda, bila kuzimenya.
- Panda ncha ikitazama juu, kina cha sentimita 3 hadi 5.
- Acha sentimita 10 kati ya mche na mche, na 20 hadi 30 kati ya mistari.
- Palilia kwa uangalifu, maana mizizi yake iko juujuu.

Acha kumwagilia wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna. Ng'oa majani ya chini yakishakauka na ya juu bado yana ukijani, kisha anika kivulini penye hewa.

Kabla ya kupeleka mzigo sokoni, tenga kwanza vichwa vikubwa visivyo na ugonjwa. Hivyo ndivyo mbegu yako ya msimu ujao.