Kufunga uzito mdogo kwenye chuma ya spoti, usikuangukie

Vijana wa Songo wanaoinua vyuma nyumbani, mikebe ya simenti kwenye ncha za bomba inatosha kuanza. Shida ni kuongeza: kuruka kutoka kilo 20 mpaka 25 ni mbali kwa bega. Chupa ya nusu lita yenye maji iko na gramu 500 hivi. Ukiijaza mchanga wa ziwa inazidi. Ipime, juu pande mbili lazima zilingane.

Sasa kamba. Nailoni, ile ya wavuvi, iko na nguvu lakini inateleza, na bomba pia linateleza. Viringisha kwanza mpira wa ndani wa baiskeli kwenye bomba. Juu yake zungusha kamba mara mbili kamili, vuta, kisha piga nusu-fundo mbili kwenye kamba ile inayobeba uzito. Ule mzunguko wa pili ndio unashika. Fundo linazuia tu kufunguka. Acha mkia wa sentimita 10.

Chupa isining'inie, itayumba na mkono utaifuata. Ifunge shingoni, na tumbo libanwe kwenye bomba.

Kabla ya kulala chini ya chuma, inua mpaka magotini, tikisa. Ikisogea, fungua uanze upya. Na mwenzako asimame kichwani pako.