Masikio ya Watu wa Reli

Tangu wizara zianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, Chang'ombe yetu imepokea wapangaji wengi, na pamoja nao maneno mapya juu yetu. Mgeni akiwakuta wastaafu wa reli barazani jioni, mazungumzo yamekatika ghafla na vichwa vyote vimegeukia upande wa stesheni, husema hawa ni watu waliokosa shughuli. Wengine huwaita wambea, kwa kuwa wanajua nani amefika na treni ipi, na mzigo wa nani umekwama wapi. Nimelelewa na watu hao, nami nasema kwa kinywa kipana: wanaisikiliza laini, yaani njia ya reli na kinachokuja juu yake. Ni mila, na ina heshima yake kama mila nyingine yoyote ya nchi hii.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Kila ilipopita iliacha stesheni, matangi ya maji, magenge ya kutunza mataruma, na kota. Ndani ya kota Mnyamwezi alipakana na Muha, Mgogo akapakana na Mluguru. Mmoja aliamkia "Mwangaluka", mwingine "Mbukwenyi", na wote wakaelewana kwa Kiswahili. Kilichowafanya kuwa jamii moja ni treni, kwa sababu maisha ya kila nyumba yalitegemea kujua iko wapi.

Asiyeijua reli hudhani treni huondoka dereva akitaka. Njia yetu ni moja. Treni mbili zikikutana katikati ya stesheni mbili, hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwa hiyo stesheni masta humwuliza mwenzake wa mbele kama laini iko wazi, na jibu likipatikana ndipo dereva anapewa kibali, iwe tokeni ya chuma au karatasi iliyotiwa saini. Bila kibali hicho haondoki, hata abiria wapige kelele namna gani.

Mzee wangu alikuwa stesheni masta katika kituo kidogo magharibi ya Dodoma, upande wa kuelekea Bahi. Nyumba yetu ilitazamana na dirisha la ofisi yake. Simu ya kontrola, yaani msimamizi wa mwendo wa treni, ilikuwa waya mmoja uliounganisha vituo vingi. Aliyeinua simu Kigwe aliweza kumsikia wa Kintinku akitoa taarifa, na wote wawili wakamsikia kontrola akiamua nani asubiri na nani apite. Mzee alishika simu kwa mkono wa kushoto, kalamu kwa wa kulia, na daftari kubwa la treni likiwa wazi mbele yake. Kila alichoambiwa alikirudia neno kwa neno: namba ya treni, saa ya kuondoka, kituo ilichotoka. Kisha alikaa kimya akisubiri mwenzake athibitishe, na hapo tu ndipo kalamu iligusa daftari. Sijamwona akiandika kwanza na kuuliza baadaye.

Kutokana na simu ile yakazaliwa maadili yetu. Mtu akiwa anasikiliza laini, haamkiwi. Mgeni aliyefika ofisini alisimama mlangoni hadi simu ishushwe, hata kama ni mkwe, hata kama ni mzee wa ukoo aliyetoka mbali. Simu ikishushwa, mwenyeji alisimama, akatangulia kutoa shikamoo aliyostahili mgeni wake, akamwulizia watu wa nyumbani mmoja mmoja bila kuruka. Wageni wasiotujua walirudi kwao wakisema watu wa reli hawana adabu. Sisi tuliona adabu iko hapo hapo: salamu inaweza kusubiri dakika tano, lakini watu mia kadhaa walio njiani hawawezi.

Mtoto alifundishwa hayo kabla ya kufundishwa kusoma. Aliyelia karibu na dirisha alibebwa akapelekwa uani. Aliyekimbia kutangaza habari ya treni bila kuwa na uhakika alikemewa mbele ya wenzake, kwa kuwa uongo juu ya laini ulihesabiwa vibaya kuliko uongo wa kuficha sukari. Na habari ya msiba iliyopita katika simu haikutoka mdomoni mwa mtoto. Stesheni masta mwenyewe alivaa kofia, akaenda hadi nyumba ya wafiwa, akaomba maji ya kunywa, akakaa, ndipo akasema.

Akina mama walisikiliza kwa namna yao. Mama yangu hakugusa simu ile hata siku moja, lakini alijua sufuria iende motoni saa ngapi. Treni nzito inayotoka Tabora huja ikipanda, maana Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini husikika ikihema kwa muda mrefu kabla ya taa kuonekana. Inayotoka Dar es Salaam huja na mlio mwingine. Kwa mlio huo mama alipambanua treni ya abiria na ya mzigo, kwa sababu mabehewa ya mzigo hayanunui wali. Wauzaji wa Bahi na mchele wao, na wale wa Saranda na kuku wao, waliishi kwa ujuzi huo huo. Aliyekosea alirudi nyumbani na chakula kilichopoa na mtaji uliokatika.



Ajali ya Igandu siwezi kuipita. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima mashariki ya Dodoma, ikarudi nyuma bila breki ya kuizuia, ikaigonga treni ya mzigo. Zaidi ya watu 280 walikufa. Tangu siku ile, wazee wetu wakisikia treni imekawia kati ya kituo na kituo, hawaendelei na maongezi. Mpangaji anayewacheka wakinyamaza barazani angeuliza kwanza wananyamazia nini.

Kusikiliza reli si kwetu peke yetu. Marekani wapo watu wanaonunua vipokezi vidogo vya mkononi, wakasikiliza madereva na waongoza treni katika masafa ya megahezi 160 na 161. Huko, hata mitambo iliyotegwa kando ya njia kukagua magurudumu hutoa taarifa yake kwa sauti hewani, na raia aliye kilimani na kipokezi chake anaisikia. Kwao ni burudani inayoheshimiwa. Kwetu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, wala sitetei mtu aivunje. Hata redio kolu zilipoingia, mila yetu haikuhitaji kifaa cha siri. Sauti ilitoka dirishani, kengele ilisikika na kila mtu, na ubao wa stesheni uliandikwa kwa chaki ili hata anayepita njia asome kwamba treni ya Kigoma imechelewa saa nne.

Hayo ndiyo yanayopotea. Treni ya umeme ya reli mpya, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, naipenda, na nimeipanda. Inaongozwa kwa mitambo ya kisasa, njia yake ina uzio, na mazungumzo yake hayamfikii mtu wa barazani. Usalama huo ni neema. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa mtambo unasikia, binadamu hahitaji tena kusikia. Reli ya zamani bado inafanya kazi, magenge bado yanatunza mataruma, watoto bado wanavuka njia kwenda shule, na wanaoishi kando yake wana haki ya kujua nini kinakuja.

Ninachodai ni kidogo. Ubao uandikwe kila siku katika kila stesheni ya reli ya zamani, mahali unaposomeka kutoka nje. Wastaafu waitwe shuleni wawafundishe watoto milio na maana zake kabla hatujawazika na ujuzi wao. Na mgeni wetu wa Chang'ombe, akikuta baraza limenyamaza, naye anyamaze kwanza. Baadaye aamkie, aulize, na wazee watamweleza kila kitu, kwa sababu habari ya laini kwetu haikuwa siri kamwe.