Nakala rudufu za nyongeza zilizosimbwa

Nakala rudufu za nyongeza zilizosimbwa ni nakala za faili za kompyuta zinazotumwa kwenye seva ya mbali zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri. Baada ya nakala ya kwanza, hutumwa mabadiliko tu. Hulinda kazi ya mtumiaji dhidi ya wizi, moto au kuharibika kwa diski, na pia humzuia mwenye seva kusoma yaliyomo.

Jinsi zinavyofanya kazi

Mara ya kwanza programu hutuma nakala kamili ya faili zote. Pamoja nayo hutunza muhtasari wa kihisabati wa kila sehemu ya faili. Siku zinazofuata hulinganisha faili za sasa na muhtasari huo, kisha hutuma sehemu zilizobadilika pekee. Ulinganisho hufanyika kwenye kompyuta ya mtumiaji, kwa kuwa seva haiwezi kulinganisha faili isizoweza kuzisoma. Kabla ya kutumwa, data husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa mfuatano usiosomeka bila ufunguo.

Mfano

Tuchukue shule iliyoko Kitangari, wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara, yenye faili za gigabaiti 10 za alama na kumbukumbu za wanafunzi, na intaneti inayopakia megabiti 2 kwa sekunde. Nakala kamili itachukua takriban saa 11. Mabadiliko ya siku moja yakiwa megabaiti 50, yatatumwa kwa dakika zisizozidi 4. Nakala kwenye diski mweko inayowekwa katika kabati la ofisi hiyohiyo ni rahisi zaidi, lakini mwizi au moto unaweza kuichukua pamoja na kompyuta.

Historia

Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, programu inayotuma tofauti za faili badala ya faili nzima. Programu ya duplicity iliunganisha mbinu hiyo na GnuPG, programu huria ya usimbaji. Borg na restic zilizofuata hukata faili vipandevipande, na kipande kinachojirudia huhifadhiwa mara moja tu.

Udhaifu

* Ufunguo ukipotea, nakala haziwezi kufunguliwa, hata na mwenye seva. Kwa hiyo ufunguo hutunzwa pia mahali pengine, mbali na kompyuta yenyewe.
* Katika duplicity, nyongeza hutegemeana kama mnyororo. Moja ikiharibika, zinazoifuata huenda zisirejesheke. Hivyo hupendekezwa kutengeneza nakala kamili mpya kila baada ya muda.
* Faili iliyoharibika bila kugunduliwa hunakiliwa pia, kwa hiyo matoleo ya zamani yasifutwe mapema.
* Nakala isiyowahi kujaribiwa haiaminiki. Inafaa kurejesha faili chache mara kwa mara na kuzifungua.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Inaweka pia masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Usimbaji hupunguza hatari ya taarifa kuvuja, lakini haumwondolei mwenye kuzitunza wajibu wa kujua seva iko nchi gani.