Kuvuka Mpaka na Kurudi Ili Kuongeza Muda wa Kukaa: Ipi Hukumu Yake?

Tumeulizwa na familia moja: mkwe wao, raia wa Kenya, ana duka Soitsambu, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka. Aliingia kwa ruhusa ya matembezi. Muda ukikaribia kwisha huvuka Namanga, hugongewa mhuri, akarudi. Je, fedha anazomletea mkewe Unguja ni halali?

Tunasema, na tawfiki ni ya Allah: Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linampa raia wa nchi mwanachama ruhusa ya kutembelea nchi nyengine hadi miezi 6. Kutoka na kuingia tena kupitia kituo rasmi si haramu kwa asili yake.

Lakini mhuri huongeza siku, haubadilishi kusudio. Ruhusa ya kuingia ni ahadi, na aya ya kwanza ya Surat al-Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Anayemwambia afisa kuwa anatembea, ilhali anaendesha duka, amesema uongo na amevunja sharti, hata akivuka mara kumi.

Ama fedha, bidhaa zikiwa halali na mizani ya haki, ni mali yake. Mkewe ale bila wasiwasi. Dhambi imo katika uongo, si katika mchele aliouza.

Basi atubie, na aombe Uhamiaji kibali cha ukaazi cha daraja A, cha wanaojiajiri. Akifukuzwa nchini, watakaotaabika ni hao hao anaowalisha.

Wallahu a'lam.