Sanaa ya Popu na Nguvu ya Bidhaa

Katika madarasa yetu ya siasa swali hili hurudi kila mara: je, msanii anayeishi ndani ya ubepari anaweza kuupinga kwa kuchora bidhaa zake? Kaulimbiu haitoshi kulijibu. Tutazame yaliyotokea.

Sanaa ya popu ni ile iliyochukua picha zake kutoka kwenye matangazo ya biashara, magazeti na rafu za maduka. Ilianza Uingereza na Marekani katika miaka ya 1950. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha mjini Los Angeles picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, moja kwa kila aina iliyokuwa ikiuzwa. Wapo wanaosema aliidhihaki jamii inayomfundisha mtu kwamba uhuru ni kuchagua kopo. Inawezekana. Lakini mwenye ukumbi alizinunua zote kwa dola 1,000, akilipa kidogo kidogo, na mwaka 1996 jumba la sanaa la kisasa la New York lilizipata kwa takriban dola milioni 15. Hapo, ndugu, picha ya kopo imekuwa bidhaa kuliko kopo lenyewe. Ubepari haukuchubuka hata kidogo.

Tulinganishe na Brazil, iliyotawaliwa na wanajeshi tangu 1964 hadi 1985. Mwaka 1970 msanii Cildo Meireles alichukua chupa za Coca-Cola, zile za kurudishwa dukani, akazichapa kwa rangi nyeupe maneno ya kuwataka Wamarekani warudi kwao, kisha akazirudisha kwenye biashara. Chupa ikiwa tupu, maneno hayaonekani vizuri; ikijazwa soda nyeusi, yanajitokeza. Yaani kiwanda kinachopingwa ndicho cha kuyafanya yasomeke, na lori lake ndilo la kuyasambaza! Yeyote aliyewahi kubeba kreti la chupa tupu ataielewa mbinu hii bila mwalimu.

Tusijidanganye: chupa za kazi hiyo nazo leo zimo katika hazina ya jumba la Tate, London. Soko lina tumbo kubwa.

Hata hivyo Meireles hakuishia kwenye chupa. Oktoba 1975 mwandishi wa habari Vladimir Herzog alifia mikononi mwa jeshi mjini São Paulo, nalo likatangaza kwamba amejinyonga. Meireles akagonga mhuri juu ya noti za fedha: Nani alimuua Herzog? Karatasi ya uchochezi mtu huichoma kwa hofu. Noti aliyeipokea hakuweza kuichoma. Ilimlazimu ampe mwingine.