Kesi ya Ajali Huanza Kabla ya Siku ya Kusikizwa

Mtu amegongwa na matatu Likoni, mguu umevunjika. Eksirei iko chini ya godoro, risiti za dawa hazijulikani zilipo. Mwaka wa pili aenda kwa wakili, akidhani kazi yake ni kusimama mbele ya hakimu na kueleza uchungu. Sivyo.

Kwa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, mdai hufungua kesi pamoja na orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na nakala za nyaraka anazotegemea: ripoti ya polisi, P3, ripoti ya daktari, risiti. Mdaiwa naye akijibu hufanya vivyo hivyo. Kila upande huyajua ya mwenziwe mapema. Hapana kuviziana mahakamani. Karatasi uliyoificha, kuitoa siku ya kesi ni mpaka mahakama iruhusu.

Haki hii ni ya pande mbili. Wakili wako aweza kuiomba mahakama iamuru mwenye gari atoe nyaraka alizozikalia. Nao watu wa bima huweza kutaka uonwe na daktari wao. Ukiwa uliumia mguu huo huo zamani, mwambie wakili wako kabla wao hawajagundua. Uongo mdogo huharibu kesi ya kweli.

Kesi nyingi huishia hapa. Bima ikiona karatasi zako zimekamilika, huona heri mapatano. Zikiwa na mapengo, hungoja uchoke.

Watazameni wenzetu wa Owino Uhuru, kule Mikindani. Yao haikuwa kesi ya ajali, ilikuwa ya kikatiba, juu ya sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu. Sumu haionekani kwa macho; vipimo vya damu vilikuwa sehemu ya ushahidi wao. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Basi ukiumia, nunua faili siku hiyo hiyo. Tia kila karatasi, hata risiti ya tuktuk ya kwenda kliniki. Na usilale: kesi ya kuumizwa yafaa ifunguliwe ndani ya miaka 3, na ukiishtaki serikali ni miezi 12 tu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki pia.