Nyumba Ifaayo Nyanda za Juu za Kusini



Mtu wa pwani aendaye Mbeya au Iringa mwezi wa Juni au Julai hustaajabu kuona watu wamevaa makoti mazito asubuhi, na ifikapo saa 7 mchana wamekwisha kuyavua kwa sababu ya jua. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na Iringa umepita mita 1,500. Mahali palipoinuka namna hii hewa ni nyepesi. Mchana jua huchoma, na usiku wa mbingu nyeupe joto la nchi hupanda upesi likapotea angani. Basi mjenzi wa huko ana maadui wawili, na nyumba yake hapana budi iwashinde wote wawili katika siku moja.

Wala jambo hili si la raha tu. Nyumba isiyohifadhi joto hula kuni na makaa kila jioni. Tena, baridi inapozidi, wako watu waingizao jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hana la kumwamsha. Wengi wamekufa kwa njia hiyo. Nyumba iliyojengwa vema humwondolea mwenyewe haja ya kujihatarisha hivyo.

Wazee wa Uhehe na Ugogo walipata dawa yao zamani, nayo ni tembe. Kuta zake zilikuwa za miti iliyokandikwa udongo mnene, na paa lake karibu bapa, la magogo yaliyofunikwa udongo. Siri yake ni hii: udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimeta 30 huchukua kiasi cha saa 10 kupitisha joto. Kwa hiyo joto la adhuhuri hufika ndani usiku, wakati linapohitajiwa, na ubaridi wa usiku hubaki ndani mpaka mchana.

Lakini tembe haifai kila mahali. Huko Rungwe, kwenye mvua nyingi sana, paa bapa la udongo lingeyeyuka. Wanyakyusa walijenga kwa mianzi, wakaezeka nyasi nene kwa paa lenye mteremko mkali ili maji yakimbie. Nyasi nazo huzuia joto, kwa kuwa zimeshika hewa nyingi katikati yake. Tunaona basi kwamba kila nchi ilikuwa na paa nene, ama la udongo ama la nyasi.

Mabati yalipoingia, watu waliyapenda, na kwa haki: hayavuji upesi, hayashiki moto kama nyasi, tena maji yake ya mvua hukingwa. Lakini bati ni jembamba mno. Mchana hupitisha joto lote, na usiku hupoa kuliko hewa yenyewe, hata alfajiri umande hudondoka kutoka upande wake wa ndani. Mwenye bati asiye na dari amepokea maadui wote wawili ndani ya nyumba yake.

Afanyeje basi ajengaye leo? Kwanza, aangalie mwelekeo. Nyumba na iwe ndefu toka mashariki hata magharibi, na madirisha makubwa yaelekee kaskazini. Mwezi wa Juni, saa 6 mchana, jua la Mbeya na Iringa liko upande wa kaskazini, limeinama hata kufikia digrii 58 au 59 tu juu ya upeo. Upenu wa sentimeta 60, yaani sehemu ya paa ipitayo ukuta, hutia kivuli kiasi cha mita 1 tu. Chini ya hapo jua huingia na kutia joto sakafu. Desemba jua huhamia kusini nalo liko juu sana, na upenu ule ule upande wa kusini hutia kivuli zaidi ya mita 2. Jua la asubuhi na la jioni halizuiliki kwa upenu, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi yawe madogo. Ghala na jiko zaweza kukaa magharibi.

Pili, kuta ziwe nzito. Tofali la kuchoma ni zuri, lakini tanuri hula miti mingi. Tofali bichi lililokaushwa kwa jua lafaa, mradi msingi uwe wa mawe, upenu uwe mpana, na lipu itengenezwe kila ipasukapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Liko pia tofali la kufungamana, la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Halihitaji moto, wala chokaa nyingi ya kuungia. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza katika Tanzania. Tofali hilo lifunikwe na kunyweshwa maji siku 7 au zaidi kabla ya kujengea, ama sivyo litamong'onyoka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, atie dari chini ya bati. Katikati ya Oktoba, na tena kuelekea Machi, jua hupita utosini kabisa, na paa ndilo lipigwalo kuliko kuta zote. Mbao za misonobari za Sao Hill, wilaya ya Mufindi, hazitoki mbali. Zitiwe dawa ya wadudu. Asiyeweza mbao atumie mianzi iliyosukwa na kukandikwa udongo. Aache matundu yenye wavu katika pembe za paa, ili hewa ya moto itoke juu ya dari.

Nne, madirisha yakabiliane, yafunguliwe usiku wa Oktoba na yafungwe barabara usiku wa Julai. Lakini penye moto wa namna yoyote, tundu la hewa lisizibwe kamwe.

Asiye na fedha ya kutosha kwa yote haya, na aanze na dari. Mwelekeo wa nyumba haugharimu hata senti moja, ila hauwezi kurekebishwa baadaye. Basi aamue siku ile anapopiga kamba ya msingi.